Kinga ya Friji Kwenye Gari la Muuguzi

Baba mkwe wangu ametengeneza mafriji maisha yake yote, mpaka mtaa mzima unamwita Mzee Baridi. Amestaafu, ila mikono yake haijapata habari. Kila chenye waya nyumbani kwetu amekichomeka kwenye kidude cha kukinga umeme unaopanda na kushuka: friji, televisheni, redio, hata pasi. Ukitaka kunyoosha shati, unasubiri kwanza taa nyekundu igeuke kijani. Tumevizoea hivyo vidude mpaka hatuvioni.

Balaa lilianza kliniki iliponipa kagari ka umeme. Mimi ni muuguzi, nazunguka majumbani kusafisha vidonda vya wagonjwa wasioweza kuinuka kitandani. Gari nimepewa kwa majaribio. Nikizidi kuchelewa anapewa mwingine, mimi narudishwa wodini, na wagonjwa wangu wanabaki na bandeji za juzi. Nilikuwa nimeshaonywa.

Na kila jioni nilichomeka gari pale ukutani barazani, likaitika vizuri, kisha asubuhi nikalikuta betri haijafika hata nusu. Nilikereka mpaka machozi. Nilibadilisha waya, wapi! Fundi wa kliniki alikuja mchana, akachomeka, gari likachaji kwa adabu zote, naye akanitazama kama mwenye hitilafu ni mimi. Mume wangu, ambaye hata balbu humwachia baba yake, akasema, "Labda hulichomeki vizuri." Nilimkazia macho, akakumbuka kwamba hajaoga.

Aliyehangaika nami kwa dhati ni mzee. Alifungua soketi, akakaza skrubu, akanusa waya, akaligonga gari ubavuni.

"Mwanangu, hili lina kiburi," alisema. "Friji lingekuwa limeshasema linaumwa wapi."

Jioni moja maji yalinifika shingoni. Nikavuta kigoda nikakaa mbele ya soketi, nilione gari linavyogoma. Likachaji tu. Mzee akapita kwenda nyuma kuwasha pampu, kama afanyavyo kila jioni, tanki lijae nipate maji ya kuoga alfajiri. Pampu ikanguruma, taa ya baraza ikafifia, na pale ukutani nikasikia, ta! Gari likanyamaza.

Kikulacho ki nguoni mwako. Kilicholia ni kidude cha mzee, kati ya soketi na waya wa gari, kilichokuwa pale siku zote. Hata fundi alikidhania sehemu ya soketi. Pampu ikiwaka umeme unashuka, kidude kinakata, na gari likishakatiwa halianzi tena mpaka ulichomoe na kulichomeka upya. Nilikigusa nikarudisha mkono upesi. Plastiki yake ilikuwa imeanza kulainika.

"Baba! Hiki ni cha friji! Gari linakula umeme wa mafriji kumi! Ungetuchoma sote humu ndani!"

Nilimfokea mkwe wangu, majirani wakisikia, na wala sikuona haya. Nilikuwa na hasira ya wiki nzima.

Mzee alikichomoa kidude, akakigeuzageuza mkononi.

"Niliona gari ndicho kitu cha thamani kuliko vyote humu," alisema. "Ndiyo kazi yako hiyo. Nikasema nikilinde."

Akaingia ndani, nami nikalichomeka gari moja kwa moja ukutani. Chakula hakukigusa.

Alfajiri nilitoka na begi langu la dawa. Betri ilikuwa imejaa pomoni. Mzee alikuwa amekaa kwenye kile kigoda changu, blanketi mabegani, mkono karibu na swichi ya soketi.

"Baba, unafanya nini hapa?"

"Kinga si umeikataa?" alisema. "Nikakaa mimi."

Nilitaka kugomba tena, maana mtu wa umri wake, na baridi ile! Nikamwambia akalale, nitachomoa mwenyewe. Akakataa. Alizima swichi kwanza, akachomoa, akaukunja waya taratibu, kisha akaenda kunifungulia geti.