Runinga Nzito ya River Road

Iko siku moja ya ujana wangu ambayo haijawahi kunitoka kichwani, mwanangu, nayo si siku ya harusi wala ya msiba. Ni Jumamosi niliyokwenda River Road kununua runinga. Cheka tu. Lakini juzi uliniuliza uchukue ipi kati ya hizi zinazopangwa madukani siku hizi, zenye majina yanayonishinda hata kuyatamka, nami siwezi kukujibu bila kukurudisha kwenye ile Jumamosi. Vumilia. Mtu mzima hujibu kwa kuzunguka, lakini hufika.

Wakati huo mji mzima ulikuwa na swali moja: plasma au LCD? Zile runinga za mgongo mkubwa zilikuwa zinaondoka, na kila mtu alitaka kitu chembamba. Mimi pia nilitaka, ila kwa sababu zangu.

Tulikuwa watatu. Mimi kifungua mimba, kisha Mutua, kisha Mumbua mdogo. Mama alipomfuata baba kaburini, niliacha shule kidato cha pili nikapata kazi ya kufagia na kupika chai katika ofisi moja kule Hurlingham. Tuliishi chumba kimoja Uthiru, kwenye ploti ya mama mmoja mzee ambaye wapangaji wote tulimwita Shosho. Stima ya ploti nzima ilikuwa ya mita moja, na bili alilipa Shosho mwenyewe, kwa hiyo sheria yake ilikuwa fupi: hakuna koili, hakuna pasi, hakuna hita. Jioni alipita uani akipapasa kuta zetu kwa kiganja, kama daktari anayetafuta homa. Ukuta ukiwa na joto, anabisha, anaingia, anatafuta. Akikipata kitu, kesho vyombo vyako viko nje. Nilimwona mpangaji mmoja akitoka hivyo, sufuria kichwani.

Sisi hatukuwa na pa kutokea. Mjomba wetu wa Kitui alikuwa amekwisha kusema: siku mkitolewa hapo, Mutua atakuja kwangu na Mumbua ataenda kwa shangazi yenu, nawe utajitafutia. Unaona basi. Kile chumba hakikuwa chumba tu. Ndicho kilichotufanya tuitwe familia.

Runinga ilitakiwa kwa sababu ya Mutua. Alikuwa ameanza kupotelea kwenye kibanda cha gemu ng'ambo ya Waiyaki Way, hasa Jumapili, siku ambayo Mjomba alizoea kuja kutuona. Sikukipenda kile kibanda wala wenye kukisimamia. Basi bosi mmoja pale ofisini akanipa mashine ya gemu ambayo wanawe walikuwa wameichoka. Hata hiyo niliishuku, nikaipeleka kwa fundi aifungue nione kama ndani kuna kitu. Fundi alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. Zamu yangu ya kupokea pesa za chama ilipofika, nikaamua: kijana achezee nyumbani, nimwone.

Nawe unajua desturi yetu. Hata balbu huichukui dukani kabla muuzaji hajaichomeka ukaiona ikiwaka, maana ikishavuka mlango hairudi. Lakini balbu ina jambo moja tu la kuficha. Runinga inaweza kuwaka vizuri kabisa huku inakudanganya.

Nilikwenda na Mutua, naye akitangulia; duka lilikuwa ghorofani, kijumba cha mbao kati ya vijumba vingine, na mwenye nalo aliitwa Danco. Tulipofika mlangoni tu akasema, "Niaje, Mutush!" Kisha akafunga mdomo ghafla.

Nilimtazama Mutua. Mutua akatazama viatu vyake.

"Mnajuana?"

"Zii, madam. Sura yake tu inakaa ya mtu anaitwa Mutush."

Mwanangu, hapo moyo wangu ulisimama mlangoni ukakataa kuingia. Mimi niliingia.

Danco alikuwa na plasma moja kubwa ameiweka kwenye kona yenye giza, na pazia juu yake. LCD alikuwa ameiweka karibu na ngazi, jua likiipiga usoni. Aliweka diski ya mechi ya mpira kwenye zote mbili. Nisiseme uongo, plasma ilikuwa nzuri. Weusi wake ulikuwa weusi kweli, na hata niliposimama kando rangi hazikufifia. LCD, ukisogea pembeni tu, wachezaji wanageuka kama wamepakwa majivu.

"Cheki ball, sista," Mutua akaniambia. "Kwa hii LCD iko na mkia. Kwa plasma inaenda safi. Kwa gemu hiyo ndiyo unataka."

Alisema kweli, maana LCD za siku zile zilichelewa kidogo kitu kikikimbia. Lakini chema chajiuza, na hii plasma ilikuwa na Danco mzima wa kuisemea. Hakunyamaza. Imetoka ng'ambo, haijafunguliwa, ni kama mpya. Na ile mechi haikusimama hata mara moja. Hilo ndilo lililonikwaruza. Mtu anayekuonyesha ng'ombe huku anamkimbiza, ujue ng'ombe ana mguu mbovu.

"Simamisha picha," nikamwambia.

"Ya nini, madam? TV si kalenda."

"Basi toa hiyo diski."

Akaanza kuitafuta rimoti. Akaitafuta chini ya meza, akaitafuta nyuma ya boksi.

"Iko mfuko wako wa nyuma," nikasema.

Diski ilipotoka, kioo kikabaki buluu tupu. Nikasogea. Na ndani ya ule ubuluu, hafifu kama maandishi yaliyofutwa ubaoni, zilikuwepo safu za majina ya miji nisiyoijua, na kando ya kila jina, saa.

"Hii ilikuwa wapi kabla ya kuja hapa?"

"Kwa mzungu fulani. Anaangalia tu news jioni, analala."

"Huyo mzungu alikuwa anaishi uwanja wa ndege?"

Mteja mmoja nyuma yetu akaangua kicheko. "Nunua, mathe! Hutawahi kuachwa na ndege!"

Ndivyo zilivyokuwa. Plasma ikiwekewa kitu kimoja kisichosogea muda mrefu, kioo hukishika kikabaki na kivuli chake. Na gemu, kama ujuavyo, huwa na matokeo kwenye kona yasiyobanduka tangu mwanzo hadi mwisho. Nikaweka kiganja changu nyuma ya ile runinga. Ilikuwa moto kama jiko lililoondolewa ugali sasa hivi. Nikakifikiria kiganja cha Shosho jioni, nje ya ukuta wetu. Kikulacho ki nguoni mwako. Ile runinga ingekula stima ya watu wote kisha ikatutoa nje.

Ningeondoka na ushindi wangu kama Mutua hangenivuta mkono.

"Sista, tuchukue tu hiyo."

"Na hivyo vivuli?"

"Tutazoea."

Kijana gani anayependa mpira akubali kuuchezea juu ya ratiba ya ndege? Nikakumbuka lile "Mutush". Nikajumlisha mambo yangu kichwani nikapata jibu: huyu ameahidiwa kitu. Wameketi na Danco wakapanga kunilaghai, mimi dada yake niliyeacha shule ili yeye asome. Nikamshika mkono tukatoka tukarudi nyumbani. Tulipofika nilifunga mlango nikamuuliza, "Danco amekuahidi nini?"

Alitoka nje akakaa kwenye simiti ya mfereji wa ploti, mgongo kwetu.

Shosho alikuwa mlangoni pake anachambua njahi, yale maharagwe meusi. Huyo mama alikuwa hapitwi na kitu.

"Mwikali, mbona mtoto anakaa hapo kama kuku imenyeshewa?"

Nikamweleza yote, na nikiri nilimweleza kwa maringo kidogo. Rimoti mfukoni, miji ya watu, joto la nyuma. Nilijua atapenda, na alipenda.

"Hapo umefanya kazi," akasema. "Hiyo kitu ikiingia kwa ploti yangu, mnatoka nayo pamoja. Na kijana anasema aje?"

"Hajasema kitu."

"Umemuuliza?"

"Nimemuuliza ameahidiwa nini."

Shosho akaweka ungo chini. "Hiyo si kuuliza. Hiyo ni kushika mwizi. TV ya mtu hujui umeiuliza mpaka mgongo. Huyu wa tumbo moja na wewe hujamuuliza hata moja." Akanyanyua kile kiganja chake tulichokiogopa sote. "Unaniona hapa jioni nikishika kuta. Nashuku nyinyi wote, na sitaacha. Lakini kabla nitoe mtu nje, mimi hubisha kwanza. Si hubisha?"

"Hubisha, Shosho."

"Haya. Enda ubishe."

Nilikwenda nikakaa karibu na Mutua pale penye maji. Kisha nikasema, "Mimi ile runinga sijaielewa. Kwa nini wewe unaitaka?"

Akageuka akanitazama.

"Ni nzito."

"Nzito?"

"Danco anasema hiyo inabebwa na watu wawili, na ukiilaza vibaya inaharibika. Mtu akiwa na kitu kama hiyo hawezi hama tu hivi." Akafuta pua kwa mkono wa shati. "Nilienda kumuuliza ni gani nzito zaidi. Nilienda mara mingi, nikitoka shule. Hajanipea kitu."

"Nani anahama, Mutua?"

"Mjomba alisema utaolewa. Alisema hakuna mwanaume anaoa msichana na watoto wake wawili. Kila Jumapili anasema hivyo ukienda kununua maziwa ya chai. Ndiyo siku hizi nikijua anakuja, naenda gemu."

Mwanangu, nilikuwa nimemkagua Danco, nimemkagua fundi, nimekagua mashine ya zawadi. Yule aliyekuwa akiingia kwangu na kuinywa chai yangu sikuwahi kumtazama mara mbili. Na huyu mtoto, alipokuwa akitafuta kitu kizito cha kuniwekea mguuni nisiondoke, mimi nilimwona mwizi.

"Niolewe na nani?" nikamuuliza. "Na Danco?"

Akacheka kabla hajajua anacheka. "Huyo hata rimoti yake haijui iko wapi."

Siendi popote, nikamwambia. Nilimwambia mara moja tu, lakini nikiwa nimemtazama.

Jumapili hiyo Mjomba alipofika alimkuta Mutua nyumbani. Nilimimina chai, kisha nikasema mbele ya watoto wote wawili, "Mjomba, hapa ni kwako na chai yako haitakosekana. Lakini neno la kugawana watoto lisivuke tena mlango huu, hata nikiwa nimetoka kununua maziwa." Aliendelea kuja, ila maneno yale hakuyarudia, na Mutua akawa haendi tena ng'ambo ya barabara.

LCD tulinunua duka jingine, na safari hii maswali aliuliza Mutua, mimi nikishika ukimya wangu. Aliomba isogezwe mwangani, akaisimamisha picha mwenyewe, akaishika mgongo. Mpira ulikuwa na mkia kidogo. Akasema mkia ataustahimili, majina ya miji hapana. Akaibeba peke yake. Na Shosho, ambaye hakuruhusu hata msumari wa kalenda, alimleta fundi wake atoboe ukuta tuifunge kwa bolti. Mutua alimwambia fundi atumie bolti ndefu zaidi aliyokuwa nayo. Kwa kuwa ilififia ukiitazama kando, ilitubidi tuketi kitanda kimoja, tumebanana, kila jioni.

Sasa nikujibu. Plasma hazitengenezwi tena, lakini hila za kuuza hazijazeeka, na nasikia hata hizi za leo nyingine hushika kivuli. Usinunue kitu kinachokimbia, kiombe kisimame. Kitoe kwenye kona yenye giza. Kitazame ukiwa pale atakapoketi yule mdogo wa mwisho nyumbani, si pale muuzaji alipokusimamisha. Shika mgongo wake, na ujue stima anailipa nani. Nyumba usiyolala ndani, hujui ila yake, na kioo ulichokiwasha dukani dakika mbili ni vivyo hivyo. Muuzaji akikuona mshari, mwache akuone mshari.

Lakini kwa mtu wako, bisha kwanza. Shaka ni tochi, mwanangu. Mmulike nayo aliye mbali, ila aliye karibu usimmulike machoni halafu ukamlaumu kwa kufumba. Muulize kwa sauti ya mtu asiyejua, kwa sababu kweli hujui. Kuuliza si ujinga. Na anayekuambia maneno matamu huku anangoja utoke ndipo aseme mengine, huyo ndiye wa kupapasiwa ukuta.

Mungu akupe jicho kali sokoni na sikio pole nyumbani. Wanaokutegemea wasikose pa kuketi karibu nawe, na kila anayebisha mlangoni kwako akukute upo.