Kisogo cha Koplo

Kinyozi mwenye kipara ni kichekesho kinachotembea, na huyu alikijua kichekesho chenyewe kabla wewe hujafungua mdomo. Mtaa mzima ulimwita Kipara, naye aliitika bila kinyongo. Ukimuuliza, "Mzee, mbona wewe mwenyewe huna hata unywele mmoja?" alikujibu, "Kazi ya kwangu nimeshaimaliza, nimebaki na ya kwenu. Kaa." Na ukishakaa kwenye kile kiti chake cha kuzunguka, huinuki mpaka aseme yeye. Kwa miaka thelathini na minane alikuwa na sheria moja tu: mtu hatoki kwake nusu. Umeme ukikatika, anamalizia kwa mkasi. Siku moja mteja alipigiwa simu akachomoka mbio, kitambaa bado kiko shingoni, na Kipara akamfuata hadi kituo cha basi akammalizia palepale kwenye foleni, watu wamejishika mbavu kwa kicheko.

"Chekeni tu," aliwaambia, "lakini hakuna atakayesema Kipara aliniacha hivi."

Sasa, kulikuwa na kichwa kimoja ambacho hapo mtaani hakikuwahi kuguswa na kinyozi mwingine, nacho ni cha mwanawe wa pekee. Alikinyoa kikiwa cha mtoto mchanga, akakinyoa kikiwa cha shule, akakinyoa asubuhi ile kijana alipokwenda kujiunga na jeshi. Tangu hapo ikawa ndiyo desturi yao: akirudi likizo, asubuhi ya kwanza ni kwenye kiti, akiondoka, asubuhi ya mwisho ni kwenye kiti. Na Kipara, bila kumwambia mtu, hata mkewe, alikuwa amejijengea imani yake kwamba kichwa alichokinyoa yeye hurudi nyumbani. Ujinga? Ndiyo, ujinga. Lakini mzazi mwenye mtoto vitani usimcheke. Kila mmoja wao ana ujinga wake anaoushikilia ili apate kulala.

Safari hii kijana alikaa vitani miezi kumi na minne. Alikuwa ameshapanda cheo, watu wakimwita Koplo. Alipewa siku kumi na nne za kupumzika na familia, kisha aripoti kambini, na kutoka kambini hakuna aliyejua ataelekea wapi. Kikosi kingeweza kurudishwa kulekule. Aliposhuka kwenye basi mama yake alimkumbatia akilia, mkewe akabaki amemshika mkono hataki kuuachia, na Kipara, badala ya kumtazama usoni kama wazazi wengine, akamtazama kichwa. Hakupenda alichokiona. Mbele nywele zilikuwa zimekatwa kwa mkasi, mabonde na milima, kama za mtu aliyejikata mwenyewe. Nyuma zilikuwa zimeachwa ziote zitakavyo, zimefika kwenye kola.

"Wiki nane hizo," Kipara alisema. Kwa hesabu za nywele hakuwa akikosea. "Nani kakufanyia unyama huu? Kesho asubuhi, saa moja, kwenye kiti."

"Kesho, baba," Koplo alisema.

Kesho ikafika, Koplo akasema amechoka. Kesho yake akasema anampeleka mkewe kazini zahanati. Siku ya nne alisema kesho bila hata kutafuta sababu. Mchana alikaa sebuleni, na alikaa kwenye kiti cha pembeni kabisa, mgongo ukutani. Kiti hicho kilikuwa cha Kipara tangu nyumba ijengwe, lakini mzee alimwachia. Mama mtu alipika kila alichojua mwanawe anakipenda. Koplo alikula vijiko viwili vitatu, akashukuru, akasukuma sahani. Ukimsemesha alijibu vizuri, kwa heshima zote, kisha mazungumzo yanafia hapohapo.

Kipara alidhani anajua sababu, na sababu hiyo ilimchoma. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka tangu mwaka uliopita. Si sana, lakini kinyozi hahitaji sana. Alikuwa ameshamkata sikio fundi viatu, yule jirani anayeshona mbele ya duka la pili, na fundi viatu ana mdomo kuliko redio. Ndani ya siku moja mtaa mzima ulikuwa na habari. Bila shaka na Koplo ameambiwa. Bila shaka anamwonea huruma baba yake, anaona haya kusema, ndiyo maana kila siku ni kesho. Kipara akaanza kula akiwa ameuficha mkono mapajani.

"Lakini atarudije kambini na kichwa kile?" alimuuliza mkewe chumbani. "Watamwadhibu."

"Mwache mtoto apumzike."

"Na kama wakimrudisha kule bila mimi kumnyoa?"

Mkewe alimgeukia. "Unasema nini wewe?"

"Sijasema kitu," Kipara akasema, akazima taa.

Jumamosi asubuhi, siku ya sita, akapata wazo, na lingekuwa heri kama lingempata kinyozi mwingine. Koplo alipokuwa mdogo walikuwa na mchezo wao. Kipara alimnyatia kwa nyuma na mashine ya kunyolea iliyozimwa, akamgusisha chuma baridi kisogoni, akanguruma kwa mdomo kama mashine, akapiga kelele, "Umekamatwa!" Mtoto aliruka kwa kicheko, akakimbilia kwenye kiti mwenyewe. Kipara alijiambia, nitamkumbusha. Tutacheka, na kicheko kitammaliza uchovu. Asubuhi hiyo mama mtu alikuwa amekikalia kile kiti cha pembeni, kwa hiyo Koplo alikaa mezani na mkewe wakinywa chai, mgongo umeelekea mlango wa jikoni. Mkewe Koplo alimwona mzee akinyata na mashine mkononi. Alitikisa kichwa kumkataza. Kipara akaweka kidole mdomoni, anatabasamu kama mtoto mtundu.

Chuma kiligusa kisogo.

Kufumba na kufumbua, Kipara alikuwa chali sakafuni na mkono wa mwanawe uko kooni, umebana, hewa haiingii wala haitoki. Kikombe kilikuwa kimepasuka. Mama mtu alipiga yowe. Macho ya Koplo yalikuwa yanamtazama baba yake kutoka karibu sana na hayakumjua. Mkewe ndiye aliyepiga magoti pembeni, asimguse, akasema taratibu kama anayesema na mgonjwa, "Ni baba. Uko nyumbani. Ni baba yako." Akarudia mara tatu, na mara ya tatu mkono ukalegea.

Koplo aliinuka. Aliitazama mikono yake. Alitoka nje, akageuza ndoo, akaikalia, mgongo ukutani, na akakaa hapo hadi jioni. Kwa siku tatu hakula nao meza moja.

"Mzee mzima!" mama mtu alimfokea mumewe huku akimkanda shingo. "Mtu ametoka vitani, wewe unamnyatia! Akili zako uliziweka wapi?" Kipara alifungua saluni akiwa amejifunga skafu, akawaambia wateja ana mafua. Fundi viatu alichungulia mlangoni akauliza, "Koplo tunamwona lini kwenye kiti?" Kipara akamwambia akashone viatu, tena kwa sauti ambayo haikuwa ya utani, na fundi viatu akaondoka mdomo wazi. Kipara aliona aibu, ndiyo, lakini zaidi aliogopa. Siku zilikuwa zinakatika, na mwanawe alikuwa hamtazami usoni.

Siku ya kumi na tatu, kabla Kipara hajafungua saluni, akiwa anafuta vioo, mlango ulisukumwa. Koplo aliingia, akaufunga nyuma yake, akaegemea.

"Shingo inaendeleaje, baba?"

"Shingo ya nani? Mimi mzima."

"Baba, mama ameona unavyouficha mkono mezani. Anasema unafikiri ndio ninaoukimbia."

Kipara aliendelea kufuta kioo ambacho kilikuwa kimeshang'aa.

"Mkono wako sina habari nao," Koplo alisema. "Hata ungening'oa sikio nisingejali." Kisha akaanza kusema haraka, kama mtu anayetua mzigo kabla haujamponyoka. "Kule kulikuwa na mwenzetu, yeye ndiye alikuwa anatunyoa. Kazi yake ni fundi wa magari, lakini alikuwa na mkono mwepesi. Mimi nikimwambia, kinyozi ni baba yangu, wewe unajaribu tu. Akawa ananiita mtoto wa saluni. Siku hiyo nimekaa kwenye kreti, yeye kasimama nyuma yangu. Amemaliza mbele, amefika kisogoni. Mara mashine ikaniangukia mgongoni. Nikamwambia, acha mchezo. Akaniegemea. Nikamwambia tena, acha mchezo, utanichafua. Nilimwambia mara mbili, baba. Kumbe ameshapigwa risasi. Kama nyuma yangu kungekuwa wazi, ningepigwa mimi."

Kipara aliweka kitambaa chini. Machozi yalimtoka tu.

"Usilie, mzee," Koplo alisema. "Ninyoe. Lakini usisimame nyuma."

Wakakigeuza kiti, wakakisukuma hadi mgongo wake ukagusa ukuta. Kipara alisimama mbele. Alimnyoa utosi, akamnyoa upande wa kulia, akamnyoa wa kushoto, amejipinda hadi kiuno kinalia, na ajabu ni kwamba mkono haukumtetemeka hata kidogo. Alimpaka spiriti. Alimpiga poda. Koplo alifumba macho, na kwa muda mfupi uso wake ukawa ule wa zamani, mzee akamwona mwanawe kabisa.

"Bado nyuma," Kipara alisema polepole.

"Najua." Koplo alifumbua macho. "Jaribu."

Walikisogeza kiti kutoka ukutani, kikawa kinatazama kioo kikubwa, na Kipara akashika kioo kidogo nyuma ili mwanawe aone kila kitu. "Unaniona? Ni mimi. Huu mkono wangu. Sasa nawasha." Mashine ikalia. Akapitisha mara moja, upana wa vidole viwili. Koplo alikuwa ameng'ang'ania mikono ya kiti, jasho linamchuruzika hadi kwenye poda, meno yameumana. Akapitisha ya pili, na mwili wote ukaanza kutetemeka, kiti nacho kikatetemeka naye.

"Basi, baba. Basi. Basi!"

Kipara akazima mashine. Nyuma ilibaki vilevile, na mfereji mmoja umepita katikati, kazi ambayo hata anayejifunza angeionea haya. Angeweza kumwambia, vumilia, dakika tatu tu. Maneno yalimfika mdomoni. Alifikiria kichwa hicho kikienda hivyo, hakijamalizika, hadi kambini na labda mbali kuliko kambi, na moyo ulimwuma kama kidonda. Kisha akafungua kitambaa shingoni mwa mwanawe, akakikung'uta.

"Umependeza," alisema.

Koplo alijipapasa kisogo, na mara ya kwanza katika siku kumi na tatu akacheka kidogo. "Muongo wewe."

"Mkubwa wako akikuuliza utasema nini?"

"Nitasema nywele zilikataa. Atanipa adhabu, nitaimaliza."

Kesho yake walimsindikiza. Mama alibeba kifurushi cha chakula, mkewe akabeba koti lake ingawa begi lilikuwa na nafasi. Koplo alitembea nyuma ya wote, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Kwa mbele alikuwa nadhifu, bereti imekaa sawa. Alimkumbatia mama yake, akanong'onezana na mkewe kwa muda mrefu, kisha akashika mkono wa kulia wa baba yake kwa mikono yake miwili. Alipogeuka kupanda basi, kisogo kikaonekana na watu wote waliokuwepo: nywele zimetokeza chini ya bereti, na ule mfereji katikati.

Fundi viatu, aliyeacha kazi yake kuja kumuaga, hakuweza kujizuia. "Haa! Jamani! Nani kamwacha mtoto wa watu hivi? Kipara, umeona kichwa cha mwanao? Hebu niambie ni kinyozi gani, tumcheke vizuri."

Basi lilikuwa limeanza kuondoka. Kipara alilitazama hadi likakata kona.

"Mimi," alisema.

"Wewe?" Fundi viatu alidhani ni utani. "Wewe umemwacha mtu nusu?"

"Mimi ndiye niliyemnyoa," Kipara alisema. "Nitamalizia akirudi."