Ndoo ya maji ya mvua

Jamani, kanzu yangu imeua miche ya mke wangu.

Alikwenda Kiranjeranje kumuuguza mama yake. Akaniachia miche ya nyanya dirishani, na ndoo ya maji ya mvua.

"Baba Rehema, haya ni ya miche tu."

Sasa, kisima chetu kina chumvi, sabuni haitoi povu. Nami nilitaka kanzu ya Ijumaa itakate. Nikaifulia maji ya ndoo, nikajazia ya kisima. Kila asubuhi nikamwagilia, tena kwa mapenzi!

Leo karudi. Miche yote imeungua.

Akachovya kidole kwenye ndoo, akalamba. Akaitazama kanzu msumarini.

Hakugomba.

"Mashaallah, imetakata."

Adhana hiyo inalia. Nani ataniazima kanzu? Hii siwezi kuivaa.