Sauti Iliyofutwa

Kiprotich nafanya naye kazi katika nyumba ya wazee hapa Woodbridge, Virginia, Marekani, na kama hujamwona akimwogesha mzee asiyetaka kuguswa, hujaona subira. Mimi Mwatime wa Mombasa subira hiyo sina, wala siitafuti. Yeye ni Mwogiek, watu wa msitu wa Mau kule Kenya, warina asali tangu mababu. Hukuti asali nyumbani kwake. Ya dukani anaionja mara moja, anaisukuma pembeni, nami humwambia aache maringo.

Nyumba ya mama yake ilichomwa walipofukuzwa msituni. Mwaka uliofuata mama akafariki. Makaratasi ya Kiprotich yalikuwa hayajakamilika, angetoka asingerudi, kwa hiyo tuliyatazama mazishi kwenye simu, sebuleni kwake, mpaka mtandao ukakatika. Msiba wa simu nauchukia. Hata pa kushika huna.

Kisha kikatoka kitabu cha Profesa Honorata, Mtanzania anayefundisha sheria huku, kuhusu haki za ardhi za watu wa misituni. Kikapata tuzo kubwa. Jerop, bintiye Kiprotich, alikikuta maktaba ya chuoni kwake akamletea. Ndani yake, kwa Kiingereza, bibi mmoja aliyepewa jina la Esta anasema: "Moshi wa kufukuza nyuki naujua. Huu wa nyumba ulinishinda. Mwanangu yuko Marekani anaogesha mama za watu. Mimi ataniosha nani?"

Kiprotich alikifunga kitabu akajifungia chooni. Kitabu kilieleza kwamba maneno yale yalirekodiwa, na tangu hapo alitaka kitu kimoja tu, ile sauti. Jerop alizaliwa huku, na kule msituni simu haikushika, na baada ya kufukuzwa bibi hakuwa na simu. Hakuwahi kumsikia kogo wake, ndivyo wanavyomwita bibi.

Siku ya kutoa tuzo niliwapeleka mjini D.C. kwa gari langu. Watu walipokwisha kumpongeza profesa, Kiprotich alimsogelea.

"Dada, huyu Esta ni mamangu. Nataka tu ile recording. Hata dakika moja."

Honorata akamshika mkono. "Pole sana, kaka yangu. Tulizifuta zote. Tuliwaahidi kwamba hakuna atakayeweza kuwatambua. Ilikuwa ni kuwalinda."

"Si mimi ndio mtoto wake?"

Machozi yalimtoka Honorata mbele ya wageni wake. Nilikuwa nimekuja na hasira zangu tayari, nikakosa pa kuzitupa, maana mwanamke yule alitimiza ahadi yake.

Akachukua kalamu atie sahihi kwenye kitabu. "Nimwandikie nani?"

"Mama. Weka jina lake."

Kalamu ikasimama. "Majina nayo tuliyafuta. Nisamehe, silikumbuki."

"Tapkigen," akasema Kiprotich, kisha akamtajia herufi moja moja, taratibu, kama anavyowatajia wauguzi jina la mgonjwa mpya.

Njiani kurudi alimpa Jerop kitabu. "Nisomee pale."

"Dad, are you okay?"

"Soma."

Akasoma kwa Kiingereza chake cha Virginia, mbio mbio. Kiprotich alikuwa amefumba macho.

"Polepole," akamwambia. "Kogo hakuwa anaongea haraka."

Jerop akaanza upya, polepole. Nilipitiliza njia yetu ya kutokea barabara kuu, na hakuna aliyeniambia.