Kibano cha Shingoni

Jicho langu la kushoto limekufa, na waliolizika nawajua.

Ugonjwa wenyewe ni vikope. Kope hupinda ndani, zikawa zinakwaruza jicho kila ukipepesa, kama mchanga ulioshonewa humo. Mama yangu alinirithisha dawa yake: kibano kidogo cha bati kilichofungwa uzi shingoni. Unang'oa kope, zinaota tena, fupi na kali kuliko za kwanza. Kijijini kwetu, mwendo wa nusu siku kutoka Tarbaj, wanawake wa rika langu tulikivaa kama pambo.

Wa kwanza aliyelizika ni muuza dawa wa sokoni. Miaka nenda miaka rudi aliniuzia tyubu ileile ya dawa ya macho, na alijua hainyooshi kope. Wa pili ni mwenyekiti wa kamati ya maji. Tangi la watu wote lilijengwa ndani ya ua wake. Yeye anaoshea gari, sisi tunateka dimbwini, maji ya rangi ya mkojo kwa sababu mkojo wa ng'ombe umo. Nzi wanatoka kwenye kinyesi, wanakuja kunywa usaha machoni mwa watoto, na mtoto hata hapepesi.

Wa tatu nitamtaja japo nachefuka. Nesi mmoja kutoka bara alishika pindo la shuka langu, limekauka matongo, gumu kama ngozi.

"Mama, macho ya watoto wote unafuta na hii?"

Nilimwambia arudi kwao akafundishe kuku usafi. Nikaendelea kufuta, mmoja baada ya mwingine, watoto sita, kisha macho yangu. Wa tatu ni mimi.

Mwaka huu binti yangu wa mwisho, hata hajaolewa, alinijia amefumba jicho moja.

"Hooyo, mama yangu, niazime kibano."

Sikumpa. Nilimpeleka kwa nesi yuleyule. Alimbinua ukope, akasema makovu yapo lakini jicho bado safi. Atapasuliwa kope, atapona, mradi kila siku anawe uso kwa maji safi na awe na kitambaa chake mwenyewe. Habari ya kuku hakuitaja.

Kesho yake nilibeba jerikeni hadi kwa mwenyekiti. Aliniuliza, bila kuinuka kitini, tangu lini chongo anachota kwake.

"Tangu leo," nikamwambia. "Na hili zima linakuona."

Nikafungua bomba. Maji yalitoka meupe kabisa; miaka yote hiyo yalikuwa hapo, hatua chache kutoka mlangoni kwangu. Nikatema mate chini, nikajaza.