Picha Nilizobeba Ili Nimuumbue Daktari

Nichekeni tu, mie mwenyewe nimeshajitukana vya kutosha.

Mwanangu Neema alianza kuota uvimbe mwekundu kwenye kope akiwa na mwezi mmoja. Daktari akamwandikia vidonge vya propranolol, nisage kimoja kwenye maji, nimpe akishanyonya. Nikampa mwezi mzima.

Akaja mama mkwe kutoka Songea kumwona mjukuu. Kufungua kimkoba chake, katoa vidonge vile vile.

"Mama Neema, mbona mtoto anakunywa dawa yangu ya presha? Unataka kuniulia mjukuu?"

Siku hiyo hiyo nikavitupa vya Neema chooni. Wiki tatu baadaye uvimbe ukafunika jicho. Nikaenda kliniki nimefura, picha za kila Jumapili zimo kwenye simu, ndio ushahidi wangu. Sikupanga hata foleni.

"Dokta, umempa kichanga dawa ya wazee! Haya, ona ulichomfanya!"

"Mwambie, shosti!" wakadakia kina mama wa foleni pale mlangoni.

Daktari akaomba simu, akazipitisha picha polepole.

"Ni dawa ya presha na moyo, kweli. Baadaye ikagundulika inanyausha na uvimbe kama huu. Tazama, mama."

Picha nne za mwanzo, uvimbe unapungua kila wiki. Mie niliyekuwa namwangalia kila siku sikuwa nimeona. Ya tano, umeanza kurudi.

"Hapa katikati kulitokea nini?"

Kina mama wote wakanigeukia mie. Neema naye alikuwa ananitazama, kwa jicho moja.