Chini ya Hapa Kuna Nini?

Mama mdogo akirudi kazini hashiki kitasa. Husukuma mlango kwa kiwiko, na ukiwa umefungwa hugonga kwa goti mpaka mmoja wetu aje. Mgeni angedhani amebeba mizigo mikono yote miwili. Hajabeba kitu. Ni vidole gumba vyake vilivyogoma.

Kazi yake ni kukanda watu. Kituo chao kina vyumba vinne vilivyotengwa kwa mapazia, na kila chumba kina kitanda chenye tundu la kuwekea uso, ili mtu alale kifudifudi na bado apumue. Wateja wamempa jina la Chuma. Kuna siku nilimngoja pale baada ya shule, nikamsikia mtu mzima nyuma ya pazia akilia kama mtoto anayechanwa nywele.

"Chuma, utaniua leo!"

"Sikuui, baba. Ukifa, Jumanne nitamkanda nani?"

Lakini kila Mama mdogo akitoka nyuma ya pazia lile, alikuwa anasimama kidogo ukutani na kuitikisa mikono yake, kama anayekung'uta maji.

"Chuma kimeanza kushika kutu," bibi alisema jioni moja, akimtazama binti yake akijaribu kufungua kopo la chumvi kwa meno. Tulicheka. Mama mdogo naye alicheka, kisha akanisogezea lile kopo.

Bosi wake alikuwa ameshaona. Hakumfukuza. Alimwambia kwamba wateja wanaulizia sindano za Kichina, zile nyembamba zinazochomwa mwilini kutuliza maumivu, na kwamba chumba cha nyuma kipo tupu. "Nenda kasome, lete cheti, chochote tu chenye muhuri. Sindano haina uzito, Chuma. Utafanya kazi mpaka uzeeke."

Basi nyumbani kwetu kukawa na jambo moja tu: asome wapi, kabla mikono haijamwishia? Mimi ndiye niliyetafuta vyuo kwenye simu, kwanza kwa sababu kushika simu kunamuumiza, na pili kwa sababu, kama bibi anavyosema, mimi ni Bi Maswali na nisipopewa la kuuliza naumwa. Nilikuwa sijui kama kuna watu wanaosomea namna ya kupima mapigo ya mkono kwa vidole vitatu, au kuangalia ulimi wa mtu kama unavyoangalia mawingu. Nilisoma mpaka chaji ikaisha. Mwishowe vikabaki vyuo viwili, tukavipangia Jumamosi moja.

Cha kwanza kilikuwa ghorofani, juu ya duka la taa. Viti vilikuwa bado vimevalishwa nailoni za dukani. Ukutani palikuwa na picha ya mtu asiye na nguo wala aibu, mwili mzima umechorwa mistari ya rangi. Kijana wa usajili alivaa koti jeupe, na tabasamu lake lilifika kabla yake.

"Karibuni! Mama, wikendi sita tu. Sindano, vikombe vya kuvuta damu juu ya ngozi, na mitishamba kidogo. Unatoka hapa daktari."

"Daktari?" Mama mdogo akaniangalia.

"Karibu na daktari," kijana akasema.

Alimwekea mto mdogo mezani, akampa sindano nyembamba kama unywele. Mama mdogo akachoma. Kijana akapiga makofi. Akachoma tena. Kijana akasema ana kipaji, na kwamba wengine hapo huhitaji wikendi mbili kufikia hatua hiyo. Mimi niliuona mto ule. Mto hauna pa kukosea.

Kisha Mama mdogo akanivuta karibu, akaniwekea kiwiko begani, pale katikati ya shingo na mkono. "Wateja wangu wengi wanaumwa hapa. Chini ya hapa kuna nini?"

"Chini ya hapo kuna maumivu, mama, na wewe ndiye utakayeyatoa!"

Nikacheka, maana alilisema vizuri. Mama mdogo akatabasamu kwa adabu. Kijana akatupatia pakiti ya sindano, zawadi, na kutusindikiza mpaka ngazi.

"Umeonaje?" nikamuuliza tukishuka.

"Kiti kilikuwa laini," akajibu.

Chuo cha pili kilikuwa nyumba ya chini nyuma ya kwa fundi cherehani. Kulikuwa na kabati la droo ndogondogo hadi darini, na harufu ya majani makavu, mizizi na kitu kingine kama udongo baada ya mvua. Nilitaka kufungua kila droo. Mwalimu alikuwa mwanamke wa makamo, mvi zimemjaa, sweta limempwaya, naye alikuwa anakula ndizi.

"Jioni, na Jumamosi," alisema. "Miaka minne."

"Minne!" Lilinitoka mimi. Mama mdogo aliketi kwa namna ambayo benchi ndilo lililojibu.

"Na hapa hakuna mito. Hamchomi mtu kabla hamjajichoma wenyewe. Mnaanzia hapa." Mwalimu akapandisha sketi kidogo na kugusa chini ya goti lake, upande wa nje. "Panaitwa Maili Tatu. Wazee wa zamani huko China walisema msafiri aliyechoka akichomwa hapa, anaweza kwenda maili tatu zaidi."

"Na zikiisha hizo tatu?" Mama mdogo akauliza.

"Unakaa chini."

Wakaangaliana. Nadhani hapo ndipo walipopatana, ingawa kilichofuata kilikuwa aibu tupu. Mwalimu alimpa sindano na kumwambia ajaribu, taratibu, hapo mguuni. Mama mdogo akafungua mkoba, akatoa kichupa chake, akamimina mafuta kiganjani na kusugua mikono yote miwili mpaka ikang'aa. Hakufikiri. Miaka yote hajawahi kugusa mwili wa mtu, hata wake, bila kufanya hivyo kwanza. Ile sindano ikamteleza kama samaki. Akapewa nyingine. Nayo ikaingia chini ya benchi.

Mwalimu alicheka mpaka akaweka ndizi chini. "Umekuja kuchoma au kukaanga?"

Hata Mama mdogo alicheka, masikio yamemwiva. Lakini mwalimu alipomfuta mikono kwa kitambaa, aliacha kucheka. Alibonyeza shina la kidole gumba, kidogo tu, na Mama mdogo akaruka.

"Dada yangu, mikono hii ukiendelea kuikandia kutwa, mwaka ujao haitashika sindano wala kijiko. Ukija kwangu utapunguza wateja. Nusu. La sivyo usije, utanipotezea muda na utaipoteza mikono."

"Nyumbani tunakula kwa mikono hii."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia mapema."

Kisha Mama mdogo akaniwekea tena kiwiko begani, mahali palepale. "Mwalimu, chini ya hapa kuna nini?"

"Pafu," mwalimu akasema, bila hata kuangalia. "Ncha yake inafika hapo. Sindano ikizama vibaya, linatoboka. Mwaka wa kwanza huligusi bega la mtu."

Jumapili bibi aliamka na bega lake, yaani lile linalomuuma kila baridi ikiingia. Alikuwa amesikia habari zote, na kura yake alikwisha kuipiga: wikendi sita.

"Miaka minne! Mimi nitakuwa nimeshakufa."

"Mama, wewe unasema umekufa tangu mwaka juzi."

"Basi nichome kabla sijaoza. Si umepewa sindano? Si una kipaji?"

Akajivuta na kigoda mpaka katikati ya sebule, akashusha kanga begani. Alikuwa hatanii. Mama mdogo akanawa mikono, akaikausha sana, akafungua ile pakiti ya zawadi. Nilikaa karibu niwezavyo. Sindano ilifika juu ya ngozi ya bibi, ile ngozi laini iliyolegea kama kitambaa kilichofuliwa sana, ikasimama hapo.

"Unangoja mgeni?" bibi akauliza.

"Siwezi."

"Unaogopa nini? Umewavunja watu mabega tangu zamani!"

"Kidole kikikosea, mtu anapiga kelele, naacha," Mama mdogo akasema. "Pafu halipigi kelele, mama." Akairudisha sindano kwenye pakiti na kumpandishia bibi kanga. Kisha akamkanda kwa kiwiko, polepole, na bibi hakusema kitu tena juu ya wikendi. Alisema tu, baadaye sana, "Basi tutapunguza nyama," kana kwamba ni mimi niliyeuliza.

Kwa Bosi hakukuwa na ugomvi. Alisikiliza mpaka mwisho, akakuna kidevu. "Miaka minne? Si ungesema tu unakwenda kusomea urubani!" Chumba cha nyuma akampa binti mpya, ambaye alianza zile wikendi sita mara moja. Mama mdogo akapewa wateja wa asubuhi tu, na mchana kukunja taulo. Alituambia hayo akiwa amelala chali sakafuni, miguu juu ya kiti.

"Umekasirika?" nikamuuliza.

"Nimechoka. Kukasirika kunataka nguvu."

"Na huyo binti je?"

Akafumba macho. "Nilimuuliza kama anajua chini ya bega kuna nini. Akasema wikendi ijayo ndiyo wanafika begani. Nikamwambia pafu. Akaandika mkononi kwa kalamu."

Jumamosi iliyofuata nilimsindikiza. Kichupa cha mafuta kilibaki nyumbani juu ya friji, bibi akikilinda kama polisi. Wanafunzi wenzake walikuwa wachache, wengi wao wadogo kwake. Mwalimu akampa sindano. Mama mdogo akatafuta chini ya goti lake, akatulia, akaichoma. Ikaingia.

"Unasikia nini?"

"Uzito. Kama mtu amenikalia mguuni."

"Ndivyo. Iache hapo."

Niligeuka kusoma majina kwenye zile droo, na niliporudisha macho alikuwa amelala. Amelala kabisa, kichwa ukutani, mdomo wazi kidogo, mikono imefunguka mapajani kama vitu alivyoviazima na sasa anavirudisha. Nikainuka nimwamshe. Mwalimu akanizuia kwa kutikisa kichwa, akachomoa sindano kwa uangalifu, akaendelea kuwafundisha wengine mapigo ya mkono kwa sauti ya chini. Kwa hiyo nikajifunza mimi. Vidole vitatu, si kubonyeza, ni kungoja.

Aliamka watu wakikusanya mikoba.

"Darasa limekwisha?"

"Limekwisha."

"Nimekosa mengi?"

"Mapigo tu. Nitakuonyesha."

Akajifuta mdomo, akamuaga mwalimu kwa aibu, na mwalimu akamwambia tuonane Jumatatu jioni. Tulipofika mlangoni aligeuka upande, kama kawaida yake, akausukuma kwa kiwiko. Haukwenda. Akausukuma tena, kwa bega zima.

"Mama mdogo," nikasema, "mlango huu ni wa kuvuta."

Akauangalia. Kisha akacheka, kicheko kirefu kisicho na nguvu, paji la uso limeegemea ubao, na akasogea pembeni nimfungulie.